Mzimu wa Kijapani Pale Nyasura

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema mapema, asije mtu akafika katikati ya habari hii akadhani amenifuma. Wengi hudhani wivu ni ugonjwa wa wapenzi, lakini mume wangu hajawahi kunikosesha usingizi hata siku moja. Aende atakako, njaa itamrudisha. Aliyenikosesha usingizi ni mama yangu mzazi, mjane wa Mwitongo kule Butiama, mwenye presha na goti bovu, kwa sababu alimpenda mdogo wangu kuliko mimi. Na kama hakumpenda zaidi, basi alikaa kwake zaidi, na kwangu hayo ni mamoja.

Baba alipofariki tulikubaliana, mimi na mdogo wangu, kwamba mama asibaki peke yake na mbuzi kwenye mji ule mpana. Pa kwenda palikuwa pawili. Kwangu Musoma kulikuwa na chumba chenye choo ndani, friji, runinga ya kujaza ukuta, na hospitali anakohudhuria kliniki haiko mbali. Kwa mdogo wangu, Nyasura pale Bunda, kulikuwa na vyumba viwili vya kupanga na kibaraza alichokizungushia mabati kikawa saluni ya kusukia. Mtu mwenye akili timamu angesema hapo hapana shindano. Mama alikuja kwangu kwa ajili ya kliniki, akalala siku mbili tatu, kisha akaanza kuulizia magari ya Bunda.

Nilijaribu kila kitu. Nilimpikia sato wa asubuhi, nikamtafutia unga wa mtama, nikamwekea godoro ambalo mimi mwenyewe sililalii. Alishukuru. Kila kitu alishukuru, kwa adabu, akishika sahani kwa mikono miwili, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinichoma. Kwa mdogo wangu hashukuru. Anafunua sufuria mwenyewe, anaonja, anauliza nani amemwaga chumvi humu.

Halafu kulikuwa na habari ya jina. Mimi nilipewa jina la bibi mzaa baba. Kwetu mwanamke hamtaji mama mkwe wake kwa jina, ni utovu wa adabu, kwa hiyo mtoto akipewa jina hilo mama yake hutafuta njia ya kulikwepa. Mama yangu aliniita Mkwe. Mkwe, lete maji. Mkwe, umefeli hesabu tena. Kijiji kilicheka na mimi nikacheka nacho. Lakini mdogo wangu aliitwa kwa jina lake lote, mama akiwa shambani akalivuta mpaka likafika kisimani, na mimi nikiwa nimesimama pale pale na ndoo nilikuwa nasikia kama kuna chakula kinagawiwa na sahani yangu imerukwa. Bibi mwenyewe alishakufa siku nyingi. Wake wengine wa ukoo walishaanza kulitamka jina lake bila wasiwasi. Mama hakulegea.

Nilipofungua duka la vitenge nililiandika jina hilo mlangoni kwa rangi nyekundu. Duka na nyumba vinashirikiana ukuta, na wateja wangu si watu wa kubisha hodi. Wanasimama barazani na kuliita kwa sauti tangu asubuhi mpaka ninapofunga. Nilipenda sana lilivyoitwa. Sikuwahi kujiuliza lilisikikaje kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa ukuta akinywa chai.

Ndipo ikaja ile tamthilia ya Kijapani.

Mdogo wangu aliinunua kwenye flashi, imechanganywa na za Kifilipino na za Kikorea, za kuwatuliza wateja, maana msuko wa rasta ndogondogo humla mtu kutwa nzima. Hii ilikuwa ya kutisha. Familia inahamia kwenye ghorofa la zamani, na ndani ya kabati la ukutani wanasikia kilio cha mtoto. Anayekisikia sana mwishowe humwona mwenyewe: binti mdogo aliyelowa, nywele zimemfunika uso, amesimama. Hasemi neno. Analia tu, na kila anayemwona hupatwa na balaa. Sehemu za mwanzo zilikuwa zimetafsiriwa, na sauti ya mtafsiri wetu ikipita juu ya sauti za wenyewe, na utani wake humo humo. Kisha mtafsiri akaishia njiani, kama kawaida yao, zilizobaki zikawa Kijapani kitupu na maandishi ya Kiingereza chini. Mdogo wangu Kiingereza chake ni cha kusomea mafuta ya nywele. Mikono ilikuwa kwenye kichwa cha mtu na wateja walitaka kujua kimetokea nini, basi akaanza kutafsiri mwenyewe.

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki akimchambulia rasta. Alimtazama yule mzimu kwa muda, akasema, kwa sauti ya mtu anayetambua ugonjwa wa mbuzi, "Huyo hana ubaya. Analilia jina."

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, na ziwa amekataa, na tumbo limekandwa, husemwa kuna marehemu anataka arithiwe. Wazee hukaa na kutaja majina ya waliotangulia, moja moja, na linapotajwa lake mtoto hunyamaza. Kila mtu pale saluni alilijua jambo hilo, awe Mzanaki, Mjita au Mkurya. Kwa hiyo tangu siku hiyo tamthilia ya Kijapani ikageuka. Mdogo wangu alitafsiri kwamba ile familia imetambua kosa lake na inatafuta jina, na kila binti yule alipotokea kabatini na nywele zake, saluni nzima ilimtajia bibi zake.

Haya niliyasikia kwenye simu, katikati ya vicheko. Nilimuuliza mama atakuja lini. Akasema tumalize kwanza Mjapani. Nilikata simu nikakaa juu ya jora la kitenge. Nimeshindwa na mzimu, nikajiambia, tena wa nje.

Jumamosi nilifunga duka nikaenda kuona kwa macho yangu. Jua lilikuwa kali, mabati ya kibaraza yanalia kwa joto, na ndani wamejaa wanawake wengi kuliko waliokuja kusukwa. Mmoja kichwa chake kilikuwa nusu twende kilioni na nusu timutimu, na amesahau kabisa kwamba hajamalizwa. Hakuna aliyeshtuka kuniona. Mdogo wangu aliniangalia juu ya kichwa cha mteja akasema, "Dada, sogea kidogo, unaziba mzimu."

Nikasogea. Nilisoma mpaka kidato cha nne, naweza kuyafuata yale maandishi ya chini yasipokimbia. Baba wa ile familia alikuwa akigombana na mwenye nyumba kuhusu kodi. Mdogo wangu akasema, huyu ni mzee wa ukoo, amekuja na orodha ya marehemu wa upande wa mama. Kisha binti akatokea, maji yakimtiririka, na mama mmoja wa Mugeta aliyekuja na kuku wake kwenye kapu akataja jina la bibi yake. Binti akaendelea kulia. "Si hilo," wakasema wote. Mwingine akataja. Si hilo. Mama yangu alikuwa akicheka mpaka machozi, anampiga kofi la paja jirani yake, kilemba kimemwendea upande. Sijui kama kwangu aliwahi kucheka hata akaonyesha pengo lake. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu na mananasi niliyonunua njiani, na nikamchukia mdogo wangu kwa moyo safi kabisa.

Nilimvuta jikoni. Nilimwambia anamdanganya mama mbele ya watu, kwamba hakuna jina wala wazee kwenye ile picha, kwamba mama ni mgonjwa wa presha na anaburudishwa kwa uongo kama mtoto. Aliosha mikono taratibu.

"Mama anajuaga, dada," akasema. "We unadhani mama hajui?"

Hilo lilinikera kuliko kosa lenyewe. Nilirudi Musoma siku ile ile, na kesho yake nilikwenda kwenye kibanda kimoja cha kuuza muvi karibu na stendi, nikaulizia tamthilia ya Kijapani ya binti wa kabatini, iliyotafsiriwa yote mpaka mwisho. Ilikuwepo. Muuzaji aliniambia nitaogopa. Nikamwambia mimi siogopi, mimi natafuta haki.

Kliniki iliyofuata mama akaja. Jumapili tulikwenda kanisani, tukala, na alasiri nikafunga mapazia kidogo, nikampa stuli ya kuwekea goti, nikawasha. Nilimwambia kwamba sasa ataona yenyewe hasa, ya kweli, si ile ya Nyasura. Alisema asante.

Alikaa katikati ya sofa bila kuegemea. Mtafsiri alipiga domo na kuweka mzaha wake, na mimi nilicheka kwa nguvu ili mama ajue mahali pa kucheka. Tulifika sehemu ya mwisho. Ikawa kwamba yule binti alikuwa na jina tangu mwanzo. Mama yake mwenyewe alilijua, alilificha kwa aibu fulani ya zamani, na hatimaye akaletwa mpaka mbele ya kabati, akapiga magoti, akalitaja. Kilio kikakoma. Familia ikahama, nyumba mpya, jua, mboga mezani. Kisha kamera ikaenda polepole hadi kwenye kabati la nyumba mpya, mlango ukafunguka upana wa kidole, na ndani kulikuwa na nywele zilizolowa. Mtafsiri akasema, "Na hapo ndipo mwisho wa mchezo, mzimu hana kwao."

Mama alibaki akitazama.

"Kwa hiyo hakwenda?" akauliza.

"Hakwenda, mama," nikasema. Na naapa nilisikia raha. "Kule walikudanganya."

Alishusha goti lake kutoka kwenye stuli kwa mikono yote miwili. Alivua kilemba akakikunja mapajani, akakikunjua, akakikunja tena. Nilidhani amechoka. Nikainuka kumletea maji, akanishika kitenge nikakaa.

Alianza kwa lugha ya nyumbani. Mimi nilichukuliwa na shangazi nikiwa mdogo nikasome Musoma, nyumbani nikawa wa likizo tu, na Kizanaki changu ni cha kusalimia na kuombea chakula. Mdogo wangu alibaki na mama, kwa hiyo hata hapo alikuwa na zaidi yangu. Mama akaona simfuati, akageuza Kiswahili.

"Kabla yako kulikuwaga na mwingine," akasema. "Wa kike."

Sikuwa nimewahi kusikia. Mimi ndiye mkubwa. Maisha yangu yote nimekuwa mkubwa, na nimejivunia.

Alisema mtoto huyo alizaliwa salama, kisha akaanza kulia. Alilia usiku na mchana, ziwa hataki. Wazee wakaitwa, wakakaa, wakaanza kutaja. Wakataja wa upande wa baba, wakataja wa upande wa mama, mtoto analia. Jioni mmoja akataja jina la bibi mzaa baba, aliyekuwa amezikwa mwaka ule ule.

"Lilipotajwa, akanyamaza. Kimya kabisa. Tukapiga vigelegele, Mkwe. Nyumba yote. Baba yako akatoka nje kwenda kuwaambia watu. Mimi nilikuwa nimembeba na nilikuwa napiga vigelegele. Kumbe mtoto alikuwa anaishia."

Mteja alikuja barazani wakati huo, akaliita jina langu kwa sauti, akitaka kujua kama Jumapili nauza. Mama akafumba macho mpaka yule mtu akaondoka. Niliona hilo. Siku zote za kliniki, chai zote alizokunywa chumbani kwangu, zilinijia pamoja.

"Ukazaliwa wewe," akaendelea. "Na wewe ukalia. Wakataja lilelile, ukanyamaza. Wote wakafurahi. Mimi nilikubeba nikaweka sikio kifuani kwako. Sikupiga kigelegele, niliweka sikio. Usiku wote niliweka sikio." Akakunja kilemba. "Ndio maana sikulitamkaga. Nikasema ni heshima ya mkwe. Watu wakaniona mwanamke mwenye heshima sana."

Nilimuuliza kama mdogo wangu anajua. Akasema hakuna anayejua aliye hai. Lakini Nyasura, siku waliyomaliza, yule binti wa kabatini alikuwa analia bado, na wanawake wote walikuwa wamemaliza bibi zao, na mdogo wangu akauliza, jamani, nani amebaki na jina? Na yeye mama akajikuta amelitamka. Kwa sauti, mbele ya watu. Na binti akanyamaza, mlango ukafungwa, akaenda.

Nilitoka nje kwa kisingizio cha kuanua nguo. Huko nyuma ya nyumba nilimpigia mdogo wangu, nikamuuliza kilichotokea siku ya mwisho, bila kumwambia sababu.

"Mama alitaja jina lako," akasema. "Nikadhani anakuita wewe. Niligeuka mlangoni nikajua umekuja."

"Halafu?"

"Halafu ikaisha tu, dada. Flashi ilikuwa haina zaidi. Nikamwambia mama, ameondoka."

Nilisimama kwenye kamba ya nguo. Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha pale, lakini mimi najijua. Uliongezeka, ukagawanyika. Nilimwonea wivu mtoto aliyekufa, kwa sababu jina lilikuwa lake kwanza na mimi nimevaa la mtumba. Nilimwonea wivu mzimu, kwa sababu mara ya kwanza mama kulitamka jina langu alimpa yeye, mtu wa kuigiza aliyemwagiwa maji. Na mdogo wangu, huyo sina la kusema. Alikuwa na mikono kwenye rasta za mtu, hana habari, na bado alikuwepo yeye.

Lakini chini ya yote hayo kulikuwa na jambo dogo na baya zaidi. Mama alikuwa amelala Nyasura siku kadhaa akijua mtoto wake amekwenda, na mimi nimemleta Musoma, nikampa stuli, nikamrudisha mtoto kabatini.

Nikaingia ndani na nguo mkononi. Nikamwambia mama kwamba hawa watafsiri wa mjini ni waongo, kila mtu anajua, huongeza vya kwao ili watu wanunue nyingine. Nikasema ule mwisho ni wa kubandika. Ule wa Nyasura ndio wenyewe.

Alinitazama, na nikaona pengo lake, kidogo tu.

"Mkwe," akasema, "wewe hujuaga kudanganya. Mdogo wako ndiye anajua."

Tukanywa chai. Hakusema tena habari hiyo, na mimi sikuuliza, ila kila mteja wa Jumapili aliyekuja barazani nilimwahi mlangoni kabla hajafungua mdomo.

Asubuhi alifunga mzigo wake. Nilijua. Nilikuwa nimeshaita bajaji ya kumpeleka stendi akapande gari la Bunda, na sikusema neno la kumzuia, jambo ambalo lilinigharimu. Aliniaga kwa adabu ile ile, akashukuru kwa godoro, akatoka na fimbo yake. Nikarudi jikoni, nikaona mfuko wa dawa zake za presha umebaki juu ya friji.

Nikaushika. Na kabla sijageuka nikasikia jina langu.

Lilitoka getini, chini chini, mtu analionja kama mchuzi alioambiwa ni wa moto. Sauti ilikuwa ya mama. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kwa midomo ya watu wote wa Musoma na sikuwahi kulisikia hivyo.

Sikuitika. Tulipokuwa watoto mama mwenyewe alitufundisha kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mara ya kwanza, maana wafu huita mara moja tu. Aliye hai ataita tena. Lakini sitasingizia mafundisho. Nilisimama na zile dawa kifuani kwa sababu nilitaka aite tena.

Kimya kilikuwa kirefu. Bajaji ilikuwa inanguruma. Halafu akaita, kwa sauti yote, ile ya kutoka shambani mpaka kisimani, jina zima, akalivuta, na ndani yake hasira na kitu kingine ambacho sasa nakijua.

"Umekufa humo ndani?"

"Nipo, mama," nikasema, nikakimbia na dawa zake. "Nipo, nakuja."